Kipimo cha dizeli kwenye boti: uzoefu wangu wa Msasani

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za mafuta, ikishatangaza bei kikomo, sisi wenye boti za dizeli hapa Msasani, Dar es Salaam, tunapigiana simu kulalamikia bei ya lita. Tangu nifunge kipimo cha mtiririko wa mafuta, mimi nauliza jambo jingine kwanza: kila maili inakula lita ngapi? Kwa boti ya matembezi, hilo ndilo linaloamua mfuko unatoboka kiasi gani, na mengi ya hayo yako mikononi mwa anayeendesha.

Boti yangu ni ya futi 28, ina mashine moja ya ndani ya nguvu za farasi 200, ya zamani, haina kompyuta. Nataja hivyo makusudi. Mashine mpya za kompyuta hupiga hesabu ya mafuta zenyewe, ukiwa nayo unahitaji waya na kioo cha kuonyeshea tu, usinunue sensa. Na wenye mashine za petroli za kuning'iniza nyuma, sensa moja inawatosha. Dizeli ya zamani ina mambo yake: pampu huvuta mafuta mengi kuliko yanayochomwa, na yanayobaki hurudi kwenye tangi. Kwa hiyo lazima sensa ziwe mbili, moja kwenye mpira wa kwenda na nyingine kwenye mpira wa kurudi, kisha kioo kinatoa tofauti. Ndiyo maana kipimo cha dizeli ni ghali kwa mbali kuliko cha petroli. Ukiuziwa chenye sensa moja kwa ajili ya mashine ya namna hii, kirudishe.

Kufunga si kazi ya kila fundi. Mafuta yanayorudi huwa ya moto na huja na mapovu, na mapovu yakipita kwenye sensa namba zinaruka hovyo. Sensa ya kwenda inakaa baada ya chujio la kutenganisha maji, maana uchafu kidogo tu unakwamisha kile kigurudumu cha ndani. Baada ya kufunga unarekebisha: jaza tangi hadi alama, tembea, jaza tena hadi alama ileile, linganisha na kioo. Changu mwanzoni kilisoma juu kuliko ukweli. Baada ya marekebisho kinaendana vizuri na pampu ya kituoni.

Sasa utamu wenyewe. Nimekiunganisha na jipiesi (GPS) ili kionyeshe lita kwa maili ya baharini. Kwa mwendo wa noti sita na nusu (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), boti inakula lita 0.9 kwa maili. Nikisukuma hadi noti 11, inafika 2.2! Hapo pua iko juu, tezi, yaani nyuma ya boti, imezama, na boti inasukuma mlima wa maji bila kuupanda. Nikiongeza zaidi, boti ikishapanda juu ya maji, kwenye noti 17 inashuka hadi 1.65. Kwenye noti 22, mwisho wa nguvu zake, inarudi kama 1.8. Kuna watu wengi sana nawaona wakienda kisiwa cha Mbudya kwa ule mwendo wa katikati, wakiamini wanabana matumizi. Kutoka hapa hadi Mbudya ni kama maili tano: polepole kabisa ni lita nne na nusu, kwa noti 17 ni lita nane na kidogo, kwa noti 11 ni lita kumi na moja. Kwenda tu.

Kusi kikivuma, kurudi Msasani ni kukabiliana na mawimbi, na kioo kinaonyesha wazi kwamba marejeo yanakula zaidi. Ndiyo sababu naigawa tangi kwa kanuni ya theluthi: moja ya kwenda, moja ya kurudi, moja haiguswi. Zamani tulipima kwa kijiti, na mshale wa tangi kwenye mawimbi hauaminiki hata kidogo.

Kipimo pia kinasema boti ikichafuka chini. Mwani na chaza wadogo wakishika, mwendo uleule unadai mafuta zaidi, na mashine haifiki tena raundi zake za juu. Nikiona hivyo naita mpiga mbizi akwangue, na propela nayo isisahauliwe. Matumizi yakibaki juu wakati chini ni safi na moshi ni mweusi, naanza kutazama nozeli za kunyunyizia mafuta na chujio la hewa.

Kasoro iko kwenye viunganishi vya umeme. Chumvi yetu haina huruma. Vyangu viliota kutu ya kijani na kioo kikazima. Agiza vilivyofunikwa vizuri tangu mwanzo, vipake grisi, na uvikague kila unapobadilisha chujio.

Anayetoka mara chache kwa mwaka kwenda kisiwa cha Bongoyo, fedha hiyo aitumie kusafisha boti chini. Anayetoka kila wikendi, au anayekodisha wageni na lazima apange bei ya safari, namshauri akifunge.