Ukuta wangu ulipopigwa X: mchora ramani niliyemkimbilia

Narudi sokoni Jumanne, nakuta fremu zangu mbili za duka, zimeshafika kwenye linta, zimechorwa X nyekundu na chini yake maandishi: SIMAMISHA UJENZI LETA KIBALI. Miguu ikaniisha nguvu. Dada yangu alikuwa Kimara mwaka 2017, nyumba zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, kwa hiyo ukoo wetu X tunaijua kwa maana moja tu.

Fundi akanishauri tupake chokaa usiku, kazi iendelee. Afadhali sikumsikiliza, maana mchora ramani niliyempata jirani na ofisi za manispaa neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, rangi hiyo usiiguse. Na fundi asimame leo leo." Akanieleza kwamba hiyo bado si amri ya kubomoa, wanachodai ni kibali. Nikipaka chokaa ndipo nitakapoitafuta ya kubomoa.

Nilichompendea, hakuanza na bei. Aliomba hati ya kiwanja na notisi aliyoiacha mkaguzi, kisha akaja saiti na futi yake. Akakuta baraza limevuka bikoni, yaani alama ya mpaka wa kiwanja, kwa sentimita 40, limeingia njiani. Nilibisha! Akavuta kamba mara tatu, jibu lile lile. Akasema tulivunje wenyewe na kupiga picha kabla barua yetu haijaenda manispaa. Tofali zangu zikaenda, roho inauma.

Barua yenyewe nusu ukurasa: nimejenga bila kibali, kazi imesimama tangu tarehe ya notisi, baraza limeondolewa, ramani hizi hapa. Mimi nilitaka tuandike kwamba ni mjane, tena majirani nao hawana vibali. Akafuta yote mawili. "Majirani waache, Mama." Akasisitiza nakala yangu igongwe muhuri wa kupokelewa, na hiyo ndiyo niliyomwonyesha mkaguzi mwingine alipokuja wiki iliyofuata. Akaisoma, akaondoka.

Sasa kasoro. Ramani aliahidi siku nne, zikatoka siku ya 11. Simu hapokei, mpaka umtumie ujumbe. Tulikubaliana 400,000, mwisho akaibua 30,000 "za kuchapa" ambazo sikuwahi kuzisikia. Muhuri wa ramani nao si wake: anasaini msanifu majengo aliyesajiliwa ambaye anafanya naye kazi. Hilo alinieleza mwenyewe, lakini ukienda kwa mchoraji yeyote uliza mapema nani atasaini, usije ukarudishiwa makaratasi dirishani.

Ada ya kibali na faini nililipa mwenyewe kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali. Hata yeye hakutaka kushika hizo hela, na hapo ndipo nilipomwamini.

Kibali kimetoka, fundi amerudi kazini, chokaa nimemfungia stoo. Nyota nne. Ya tano ameila pamoja na zile elfu thelathini.