Waya wa klachi wa Beetle: kabla hujanunua, chungulia mrija wa nyuma

Waya wa klachi wa Volkswagen Beetle yangu ya 1970 ulinikatikia Ubungo, saa kumi na moja jioni, foleni mbele na nyuma. Ulikuwa na miezi mitatu. Nikafunga mwingine, nao ukaanza kuchanika nyuzi palepale. Ndipo nikatandika khanga kuukuu nikaingia chini ya gari mwenyewe.

Waya ukishatoka kwenye handaki la sakafuni hupita ndani ya mrija unaopindika, ndipo ufike kwenye mkono wa giaboksi. Mrija huo unatakiwa kupinda kidogo kushuka chini katikati, milimita 25 hadi 45. Ukinyooka mno, gari linatetemeka unapoachia klachi. Ukipinda mno, unausugua waya hadi unakatika. Wangu ulikuwa umepinda mno, kama mkia wa mjusi. Dawa yake ni washa tu, vile vipete vya chuma: ongeza au punguza vile vinavyokaa kati ya mrija na bano la giaboksi. Mafundi watatu, hakuna aliyeugusa.

Kwa hiyo namba moja kwangu ni waya wa chapa ya Gemo ya Kijerumani, ununuliwe pamoja na mrija mpya. Nakiri naipendelea. Paka grisi waya mzima, kisha kaza nati ya masikio mpaka pedali ibaki na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta klachi.

Namba mbili ni seti ya haidroli, inayosukuma klachi kwa mafuta badala ya waya. Pedali inakuwa laini na habari za mrija zinakwisha. Lakini unajiongezea silinda mbili na mipira ya kuvuja. Waya wa akiba nitaufunga mwenyewe kando ya barabara. Silinda ikivuja Chalinze, tafuta gesti.

Nyaya za mfuko wa nailoni zisizo na jina? Weka moja kwenye buti kwa dharura.

Wauzaji sasa. Ukitamka "Beetle" tu, bei inapanda: "Dada, hizi hazitengenezwi tena." Gari ndilo lililokoma, Mexico, mwaka 2003. Nyaya zinatengenezwa mpaka leo! Ukiuliza urefu, unajibiwa zote sawa, wakati zinatofautiana kulingana na mwaka wa gari. Siku hizi naenda na waya wangu wa zamani begani. Jumamosi nimeulaza kaunta sambamba na mpya wa duka moja: umepungua sentimita mbili nzima.

"Utavutika tu, dada," akaniambia.