Ujumbe ibukizi na fomu za kuingizia data: nimejaribu Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc

Habari zenu watazamaji, karibuni. Kabla sijasema lolote, tazameni safu hii ya tarehe hapa kwenye skrini. Seli ya juu imeandikwa 12/5/2024, ya chini yake 25/5/2024. Aliyechapa alikusudia tarehe 12 Mei na tarehe 25 Mei. Sasa angalieni vizuri: ya juu imekaa upande wa kulia wa seli, ya chini imebaki kushoto. Kompyuta hii imewekewa mpangilio wa Marekani, mwezi unatangulia siku. Kwa hiyo 12/5 imesomwa kuwa tarehe 5 Desemba, na 25/5 imeachwa kuwa maandishi matupu kwa sababu mwezi wa 25 haupo. Hakuna onyo lililotokea. Hakuna kilichobadilika rangi.

Daftari hili ni langu. Ni la kuazimisha vitabu katika kikundi cha wasomaji, na tulikuwa watu wanne tukilijaza kwa zamu. Kosa hili nililigundua baada ya miezi kadhaa, siku nilipopanga orodha kwa tarehe nikaona vitabu vilivyoazimwa mwezi ambao haujafika. Nilikaa siku mbili nzima nikilinganisha mstari kwa mstari na karatasi za zamani. Wenzangu hawakukosea. Walichapa tarehe kama walivyozoea kuiandika. Mimi ndiye niliyewapa seli tupu isiyowaambia kitu.

Ndiyo maana leo nachambua njia za kuifanya lahajedwali izungumze na mtu anayeijaza: ujumbe unaoibuka mtu akibofya seli, visanduku vinavyouliza swali, na fomu kamili za kuingizia data. Nimetengeneza daftari lile lile katika Excel, Google Sheets na LibreOffice Calc. Safu ni tano: jina la msomaji, namba ya kitabu, tarehe ya kuazima, tarehe ya kurudisha, na hali ya kitabu. Kila njia nimeipima kwa jambo moja: je, anayechapa anaambiwa kinachotakiwa kabla hajakosea?

Tuanze na njia ambayo watu wengi wanaipita bila kuitazama. Katika Excel chagua safu ya tarehe, nenda menyu ya Data, bofya Data Validation. Kidirisha kinachofunguka kina vichupo vitatu. Wengi tunaishia kichupo cha kwanza, Settings, tunaweka sharti, tunafunga. Cha pili, Input Message, ndicho kilichonishawishi nifanye video hii. Hapo unaandika kichwa kisichozidi herufi 32 na ujumbe usiozidi herufi 255. Mtu akiingia tu kwenye seli, kikaratasi cha manjano kinaibuka pembeni na maneno yako. Akitoka, kinatoweka. Hakuna makro (programu fupi unayoiandika ndani ya faili ili ikufanyie kazi), hakuna msimbo, hakuna ruhusa ya kuomba.

Sikilizeni ujumbe wangu wa kwanza ulivyokuwa: "Ingiza tarehe sahihi." Hauna maana yoyote. Nani anaingiza tarehe isiyo sahihi kwa kukusudia? Ujumbe wa pili: "Siku ambayo kitabu kimetoka. Anza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Mfano: 2024-05-12." Mpangilio huo wa kuanza na mwaka Excel inauelewa bila utata, kompyuta iwe imewekewa mpangilio wa Marekani au wa Uingereza. Halafu nimeiumbiza safu ionyeshe jina la mwezi kwa herufi. Hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi: mtu akishachapa, macho yake yanaona mwezi umeandikwa kwa jina. Kama alikusudia Mei na amesomewa Desemba, anaona papo hapo akishabonyeza Enter, kabla hajaanza kujaza seli nyingine.

Kwenye Settings nimeweka sharti kwamba tarehe isizidi leo, yaani kwenye kisanduku cha mwisho nimeandika =TODAY(). Sharti hilo pekee lingenikamatia ile Desemba ya uongo siku ile ile. Lakini zingatieni, halikamati kila kitu. Mtu aliyekusudia tarehe 4 Machi akasomewa tarehe 3 Aprili atapita salama iwapo Aprili imeshapita. Kwa hiyo sharti na ujumbe vinategemeana. Ukiweka kimoja bila kingine, umefunga nusu ya mlango.

Kichupo cha tatu ni Error Alert, ujumbe wa kosa. Kuna aina tatu: Stop inakataa kabisa, Warning inamwuliza mtu kama anataka kuendelea, na Information inamtaarifu tu. Usipoandika maneno yako, Excel inatoa maneno yake yenyewe, kwamba thamani hii haiendani na masharti yaliyowekwa kwenye seli. Jiwekeni mahali pa mtu aliyeanza kazi leo: masharti gani? Aliyeyaweka nani? Afanye nini sasa? Nawasihi, msiache ujumbe huo wa kiwandani. Andikeni njia ya kutokea. Mimi nimeandika: "Tarehe hii bado haijafika. Angalia kama mwezi na siku vimebadilishana nafasi." Na kwa safu ya hali ya kitabu nimechagua Warning badala ya Stop, kwa sababu mara moja moja kitabu kinarudi na tatizo ambalo orodha yangu kunjuzi, yaani orodha ya majibu inayofunguka mtu akibofya seli, haikulifikiria. Stop kila mahali inamfundisha mtu kuandika uongo unaokubalika.

Udhaifu wa njia hii ni mkubwa na lazima niuseme. Ukinakili data kutoka kwingine ukaibandika juu ya seli, sharti halikagui chochote. Tena ubandikaji wa kawaida unafuta sharti lenyewe na kuleta la seli ulikonakili. Nilijaribu hapa, tarehe 40 zimeingia bila kelele. Dawa iliyopo ni amri ya Circle Invalid Data, iko kwenye kitufe kile kile cha Data Validation ukibofya mshale wake. Inazungushia duara jekundu kila thamani inayovunja sharti. Inafanya kazi pale tu ambapo sharti bado lipo, kwa hiyo wafundisheni wenzenu kubandika thamani peke yake.

LibreOffice Calc ina kitu hicho hicho, menyu ya Data kisha Validity, na kichupo cha ujumbe kinaitwa Input Help. Programu ni ya bure na nimeridhika nayo. Kuna kitu kimoja cha ziada: kwenye ujumbe wa kosa unaweza kuchagua makro iendeshwe badala ya kisanduku cha kawaida. Google Sheets nayo ina uthibitishaji wa data, unachagua kuonyesha maandishi ya msaada, halafu unaamua ikatae au itoe onyo.

Sasa fomu. Excel ina fomu yake iliyo tayari, na watu wengi hawajui ipo kwa sababu tangu Excel ya 2007 ilipokuja na utepe, ule mstari wa vitufe juu ya skrini, kitufe chake hakikuwekwa juu ya utepe. Simama ndani ya jedwali lako, bonyeza Alt, kisha D, kisha O. Hii hapa. Kila safu imekuwa kisanduku, mstari mmoja kwa wakati mmoja, na pembeni kuna vitufe vya kuongeza, kufuta, kurudi nyuma, kwenda mbele na kutafuta. Safu yenye fomula inaonekana lakini haichapiki, jambo jema sana. Kwenye Calc fomu kama hii iko wazi kwenye menyu ya Data.

Nilipoiona nilifurahi. Kwa jedwali pana, ambapo mtu anasogeza skrini kulia mpaka anasahau yuko mstari wa nani, fomu hii inapumzisha macho. Ila inaishia safu 32. Orodha kunjuzi haitokei ndani yake. Na lililoniumiza: ule ujumbe wangu wa manjano hautokei pia, kwa sababu mtu hayuko kwenye seli, yuko ndani ya kidirisha. Yaani unapata fomu nadhifu iliyo bubu. Ninachofanya ni kuandika maelezo kwenye kichwa cha safu chenyewe, "Tarehe ya kuazima, mwaka-mwezi-siku", maana fomu inasoma vichwa na kuvionyesha. Si suluhisho zuri, lakini linasaidia.

Tuingie kwenye makro. Bonyeza Alt na F11, uko kwenye kihariri cha VBA, lugha ya kuandikia makro katika Excel. Visanduku viwili vya mwanzo ni MsgBox, kinachosema jambo na kungoja kitufe, na InputBox, kinachouliza na kupokea jibu. Kwa namba tumieni Application.InputBox yenye Type:=1, kwa sababu yenyewe inakataa herufi bila wewe kuandika ukaguzi wowote.

Hapa kuna mtego, tuutazame kwa karibu. Nimeandika makro inayouliza, "Vitabu vingapi vimerudi leo?" na jibu linawekwa kwenye kigeu cha namba, yaani mahali ambapo makro inahifadhi thamani kwa muda, kisha kwenye seli. Naiendesha. Kisanduku kimeibuka. Simu imeita, nabofya Cancel. Tazameni seli: 0. Sikuandika sifuri! Application.InputBox ikighairiwa inarudisha False, yaani "si kweli", na False ikitiwa kwenye kigeu cha namba inageuka 0. Daftari sasa linasema hakuna kitabu kilichorudi leo, wakati ukweli ni kwamba hakuna aliyejibu. Hivyo ni vitu viwili tofauti kabisa. Pokeeni jibu kwenye kigeu cha aina ya Variant, kinachobeba thamani ya aina yoyote, kagueni kwanza kama aina ya jibu ni Boolean, yaani kweli au si kweli, na kama ndivyo, makro isimame bila kugusa seli. Ni mistari miwili tu, na kwa maoni yangu makro isiyo nayo haifai kupewa mtu mwingine.

UserForm ndiyo fomu unayoichora mwenyewe: visanduku vya maandishi, orodha kunjuzi, vitufe, rangi. Inapendeza, na ukiandika maelezo mafupi chini ya kila kisanduku inazungumza na mtu kuliko zote. Mimi huipima kwa kidole: naweka kipanya pembeni, nabonyeza Tab tu. Kishale kikiruka kutoka jina kwenda tarehe ya kurudisha kisha kikarudi namba ya kitabu, fomu hiyo haijakamilika. Pangeni TabIndex, namba inayoamua Tab iende wapi kwanza na wapi baadaye. Pia namba ya kitabu kama 00417 ikipelekwa kwenye seli ya kawaida itabaki 417, kwa hiyo seli zenyewe ziwekewe umbizo la maandishi mapema.

Gharama yake mzijue. Faili lazima lihifadhiwe kama xlsm, aina ya faili la Excel inayobeba makro. Makro ikishabadilisha kitu, huwezi kutendua hatua ulizofanya nyuma. Kwenye Excel ya kivinjari na ya simu haziendeshwi. Na tangu 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro kwenye mafaili yaliyotoka intaneti, kwa sababu wahalifu wamezitumia sana kupenyeza programu hasidi. Uzuio huo naukubali. Ila maana yake ni kwamba ukimtumia mwenzako faili kwa barua pepe, fomu yako nzuri inaweza isifunguke kabisa mpaka afungue sifa za faili na kuondoa kizuizi. Kwa kompyuta moja ya Windows inayokaa mahali pamoja, UserForm ni chaguo zuri. Kwa watu walio mbalimbali, hapana.

Google Sheets ina Apps Script, njia yake ya kuandika makro. Unatengeneza menyu yako juu ya jedwali, mtu anabofya, kisanduku kinauliza, jibu linaandikwa mstari mpya kwa appendRow. Hapa kughairi kumeshughulikiwa vizuri zaidi, maana unauliza waziwazi ni kitufe gani kimebofywa kabla ya kusoma jibu. Lakini menyu hiyo haitokei kwenye programu ya Sheets ya simu, na wenzangu wawili kati ya wanne wanatumia simu. Kwao nimetumia Google Forms iliyounganishwa na jedwali. Kila swali lina nafasi ya maelezo chini yake, tarehe inachaguliwa kwenye kalenda, na muda wa kujaza unajiandika wenyewe. Ule utata wa 12/5 umekwisha hapo hapo, maana hakuna anayechapa mwezi. Jihadharini tu: ukirekebisha jibu kwenye jedwali, jibu lililohifadhiwa kwenye fomu yenyewe halibadiliki.

Kwa hiyo mimi natumia nini leo? Google Forms kwa wenye simu, na kwa sisi tulio kwenye kompyuta, jedwali lenye ujumbe wa manjano na sharti la =TODAY(). UserForm yangu, niliyoichora kwa jioni tatu, nimeiweka kando.

Juzi nilimkalisha mtu ambaye hajawahi kuliona daftari hili, nikanyamaza, nikamtazama. Alifika kwenye tarehe ya kurudisha akasita muda mrefu. Kisha akachapa tarehe ya siku ile, ingawa kitabu ndiyo kwanza kilikuwa kinatoka. Nilimwuliza kwa nini, akasema kisanduku kiliandikwa "Tarehe ya kurudisha" na yeye alidhani lazima ajaze kila kitu. Nimebadilisha ujumbe wakati nikirekodi video hii. Sasa unasema: "Acha wazi mpaka kitabu kirudi mkononi mwako."