Mwalimu wa nyumbani mwenye A ya Hisabati: yaliyonikuta

Nilimlipa vipindi vyote nane kwa mkupuo, na ninapoandika haya bado nina hasira, kwa hiyo nivumilieni.

Wakala mmoja wa hapa Kisumu ndiye aliyenitafutia. Alinitumia sifa za mwalimu huyo: mhandisi, A ya Hisabati, mtu wa kushika saa. Sikuuliza kama ana namba ya TSC, tume inayosajili walimu, wala kama amewahi kusimama mbele ya darasa. Nilisikia A, nikatuma pesa. Binti yangu yuko Fomu Tatu, na Hisabati huna pa kuikwepea: tangu 2023 gredi ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano aliyofanya vizuri zaidi.

Saa kweli anashika. Hilo silikatai.

Sasa kipindi cha tatu, au cha nne. Mimi niko jikoni nakaanga omena, wao wako mezani sebuleni. Nyumba yetu ya Migosi ni ndogo, kila neno linasikika. Walikuwa wanakamilisha mraba, x² + 6x. Chukua nusu ya 6, zidisha 3 kwa 3, ongeza 9. Mtoto akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwa nini nusu? Na hiyo 9 inatoka wapi?"

"Hiyo ni fomula. Andika."

Akaandika. Kisha akauliza tena. Nikasikia kalamu ikitupwa mezani, halafu kicheko. "Maswali ya nini? Ndiyo maana unapata D."

Nilizima jiko. Nilipotoka, binti alikuwa ameinamia daftari, anaizungushia ile 9 duara, duara juu ya duara, mpaka karatasi ikatoboka.

Mimi ni fundi wa nguo, niliishia darasa la nane. Swali lile halikuniachia usingizi. Kesho yake nikamuuliza mteja wangu mmoja ambaye ni mwalimu. Akachukua chaki yangu, akachora juu ya meza ya kukatia: kitambaa cha mraba, kila upande x. Ile 6x akaikata vipande viwili virefu vya upana wa 3, kimoja akakiweka kulia, kingine chini. Kona moja ikabaki wazi. Tatu kwa tatu. Tisa! Ni kiraka! Hata dakika tano hazikuisha. Mhandisi mzima alishindwaje kuchora hicho?

Nilitaka kuandika hafai, nimalize. Lakini lazima niseme ukweli: jaribio la juzi shuleni swali la aina hiyo lilikuja, na binti akalipata lote. Ametoka D, sasa ana C. Kama mtihani wa mwanao uko mlangoni na ana moyo mgumu, pengine mtu huyu atakufaa.

Hapana, naifuta hiyo. Mtoto wangu ndiye aliyekuwa akipanda matatu ya Kondele anamchosha kondakta kwa maswali, na sasa haulizi kitu. Nilimwonyesha kile kiraka kwa vitambaa halisi, kitandani. Akatazama, akasema, "Sawa, mama. Si unaongeza tu 9."

Nilimpigia wakala. Akanijibu, "Lakini mama, si gredi imepanda?"

Vipindi viwili vimebaki, na pesa hairudi. Jumamosi pikipiki ya yule mhandisi ilipopiga honi nje, nilimwona binti akikaa wima na kuficha mikono chini ya meza. Sikufungua geti.