Seti ya Ibada ya Huruma ya Mungu: usikague rozari ukaiacha karatasi

Seti zinazouzwa kwa jina la Huruma ya Mungu kwa kawaida huwa na vitu vitatu: rozari, picha ndogo ya Yesu mwenye miali miwili kifuani, na kijitabu au karatasi ya sala iliyokunjwa. Watengenezaji ni wengi, wengine hata jina hawaandiki, na ubora hupanda na kushuka. Ni nadra vitu vyote vitatu kuwa vizuri kwa pamoja. Wanunuzi wengi huvutavuta rozari, hutazama picha, na karatasi hawaifungui kabisa. Hilo ni kosa, kwa sababu rozari mbovu itakatika tu, lakini karatasi mbovu itakufundisha vibaya.

Kwanza, usilipe zaidi kwa sababu ya jina. Hakuna rozari ya pekee ya Huruma ya Mungu. Sala ya Huruma ya Mungu, ambayo Mtakatifu Faustina Kowalska, mtawa wa Poland, aliiandika akiwa Vilnius mwezi Septemba 1935, husaliwa kwa rozari ileile ya Bikira Maria. Punje nyekundu na nyeupe unazoziona madukani zinaiga rangi za miali ya pichani, basi. Mwenye rozari nzima nyumbani anahitaji karatasi ya sala tu.

Kama unanunua, zihesabu punje ukiwa bado dukani. Zinatakiwa 59: ndogo 53 na kubwa 6. Ukianzia msalabani kuna kubwa moja, ndogo tatu, kubwa moja, halafu medali. Kwenye duara kuna makumi matano, yaani mafungu ya punje ndogo kumi kumi, yaliyotenganishwa na kubwa nne. Kumi lenye punje tisa au kumi na moja halionekani kwa macho, bali utaligundua katikati ya sala, pale vidole vinapofika kwenye punje kubwa kabla ya wakati au kwa kuchelewa. Kagua pia kama punje kubwa inatambulika kwa kuguswa. Rozari nyingi za bei ya chini zina punje za ukubwa mmoja, na kinachotenganisha makumi ni pengo la mnyororo tu. Pengo likiwa fupi, msali atafungua macho kila mara kuangalia amefika wapi. Punje ndogo za milimita 8 zinawafaa wengi. Za milimita 6 zinakaa vizuri mfukoni ila vidole vinene huzipita mbili mbili.

Ukubwa huo una maana zaidi katika sala hii kuliko katika rozari ya kawaida, kwa kuwa maneno ya punje ndogo ni mafupi: "Kwa ajili ya mateso makali ya Yesu, utuhurumie sisi na dunia nzima." Kidole kinasogea haraka, mara 50. Utaratibu wenyewe ni huu: kwenye zile ndogo tatu za mwanzo sali Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki, kwenye kubwa iliyo kabla ya medali anza "Baba wa Milele, nakutolea Mwili na Damu, Roho na Umungu wa Mwanao mpenzi sana", kisha ndogo kumi, na kuendelea hivyo hadi kumi la tano. Mwishoni "Mungu Mtakatifu" mara tatu. Punje kubwa iliyo karibu na msalaba haina kazi maalumu hapa, na ndipo wanaoanza hupotea: wanaanzia pale "Baba wa Milele", wanajikuta wameitamka mara sita badala ya tano. Bila haraka, sala yote haifiki dakika kumi.

Sasa uimara. Rozari ya mnyororo huwa haikatiki kwenye mnyororo wenyewe. Inaachia kwenye pete ndogo za waya zinazoshika medali, kwa sababu pale uzito wa mkia wenye msalaba na mvuto wa pande mbili za duara vinakutana. Ishike medali, igeuze, utazame ncha mbili za kila pete: zikiwa zimegusana vizuri, ni salama, kama unaona mwanga katikati yake, itaachia ikivutwa kidogo tu, na ni kazi ya koleo ndogo kuibana. Bana kwa upole, maana waya laini ukikunjwa huku na huku unavunjika. Beba sumaku ndogo ukiweza: mnyororo unaonasa una chuma ndani, na rangi ya juu ikichubuka jasho litauletea kutu. Wenye ngozi inayowashwa na nikeli waachane na madini ya rangi ya fedha yasiyotajwa jina.

Rozari ya uzi wa nailoni ndiyo tunayoipendekeza kwa matumizi ya kila siku. Haipigi kelele kanisani, haishiki nywele, na ikichakaa unaona dalili mapema, kwani uzi huanza kufumuka karibu na fundo. Ncha iliyofumuka ikaribishe kwenye moto wa kiberiti iyeyuke na kuganda, usiikate karibu na fundo. Punje za mbao, hasa za mzeituni, ni tamu mkononi lakini hazipendi maji. Zikilowa na kuanikwa juani hupasuka kwenye tundu. Plastiki haina adabu ya mbao, lakini kwa watoto na wagonjwa ni bora, inaoshwa.

Kuhusu picha tuseme machache. Mchoro wa kwanza ulifanywa na Eugeniusz Kazimierowski huko Vilnius mwaka 1934, akielekezwa na Faustina mwenyewe. Unaosambaa zaidi ni wa Adolf Hyła, uliochorwa wakati wa vita kwa ajili ya Kraków. Yoyote kati ya hiyo inafaa. Tatizo ni nakala zilizogeuzwa kama kwenye kioo. Mkono unaobariki ni wa kuume, na wa kushoto unagusa vazi kifuani. Kwa anayetazama, mwali mweupe uko kushoto na mwekundu kulia. Miali hiyo ni maji na damu vilivyotoka ubavuni (Yohane 19:34), kwa hiyo nakala iliyopauka hadi miali yote miwili ikawa ya njano imepoteza maana yake. Maneno "Yesu, nakutumainia" lazima yawepo chini. Ni sehemu ya picha tangu maono aliyoyapata Faustina mjini Płock, Poland, tarehe 22 Februari 1931.

Tufike kwenye karatasi. Kasoro ndogo ni za uchapaji: herufi ndogo mno, na mkunjo unaopita katikati ya sala ya punje kubwa, ambapo baada ya miezi michache wino hufutika. Kasoro kubwa ni za mafundisho, na historia inatuonya. Mwaka 1959 Roma ilizuia kueneza ibada hii katika namna zilizopendekezwa na Faustina, na miongoni mwa sababu zinazotajwa ni tafsiri mbovu za maandishi yake. Zuio liliondolewa tarehe 15 Aprili 1978. Yaani sentensi zilizotafsiriwa ovyo zilichangia kuifungia ibada nzima karibu miaka ishirini, na bado kuna wachapishaji wanaochapa bila kuonyesha kibali cha askofu wala jina la mhariri. Fungua ukurasa wa nyuma kwanza. Kama hakuna kibali, soma kwa tahadhari.

Kisha tafuta Jumapili ya Huruma, yaani Jumapili ya pili ya Pasaka, ambayo Yohane Paulo II aliitangazia Kanisa zima mwaka 2000 alipomtangaza Faustina mtakatifu. Karatasi mbaya husema: sali siku hiyo, dhambi zote zinafutwa. Karatasi nzuri hueleza kwamba ahadi ya msamaha ya siku hiyo inamhusu anayeungama na kupokea Ekaristi. Kuungama si lazima kuwe siku ileile. Unaweza kuungama siku zilizotangulia, mradi ufike Jumapili ukiwa katika neema, na hilo linapunguza foleni kwenye kiti cha kitubio. Ikitaja rehema kamili iliyoidhinishwa mwaka 2002, iorodheshe masharti yote: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usioshikamana na dhambi yoyote, hata ndogo. Iseme wazi pia kwamba rehema huondoa adhabu za muda za dhambi ambazo tayari zimesamehewa. Ikiandika kwamba rehema ndiyo inayosamehe dhambi, irudishe.

Kipimo chetu kingine ni mwizi mwema, yule aliyesulubiwa pamoja na Yesu akatubu. Karibu kila kijitabu kinanukuu Luka 23:43, "leo hivi utakuwa pamoja nami peponi." Angalia kama kimenukuu pia aya ya 41, pale mwizi anapokiri kwamba yeye na mwenzake wanaadhibiwa kwa haki. Kijitabu kinachoiruka aya hiyo kinauza huruma isiyo na toba, na msomaji anabaki akidhani kutumaini ni kule kutojali tu.

Sehemu ya kutafuta dhambi moyoni ndiyo inayotofautiana zaidi. Kuna vijitabu vyenye swali moja la jumla, "Je, nimekosa upendo?", ambalo mtu yeyote hujibu ndiyo na halimsaidii. Vingine vina orodha ndefu ya kuweka alama, na mtu mwenye wasiwasi huondoka na hofu badala ya majuto. Vinavyofaa hufuata Amri Kumi kwa maswali yanayogusa matendo: Kuna kitu cha mtu bado kiko kwako? Kuna ndugu usiyemjibu salamu? Ulimsingizia nani, na nani aliamini? Maswali ya namna hii yanampeleka mtu moja kwa moja kwenye kurudisha, kusafisha jina na kupatana, mambo ambayo ondoleo la padri haliyafanyi kwa niaba yake. Hatua zote ziwepo: kutafuta dhambi, kujuta, kukusudia kuziacha, kuungama dhambi za mauti kwa aina na idadi kadiri unavyokumbuka, na kutimiza malipizi. Kukosa "kukusudia kuziacha" ndiyo kasoro tunayoiona mara nyingi, na hakuna majuto ya kweli bila hilo.

Karatasi inayokuagiza utoe nakala kadhaa ili ombi lijibiwe, au inayotishia balaa ukiikatisha, haina uhusiano na ibada hii hata ikiwa na picha nzuri. Ichane.

Programu za simu zinazosoma sala kwa sauti ni msaada kwa wasioona vizuri na kwa kengele ya saa tisa alasiri, saa ya kufa kwake Bwana. Nyingi zinakimbia mno, hivyo chagua yenye kurekebisha mwendo.

Muuzaji akikuambia seti imeshabarikiwa na ndiyo maana bei iko juu, usinunue. Kitu kitakatifu hakiongezewi bei kwa baraka, na rehema zinazoambatana na rozari iliyobarikiwa hukoma pale inapouzwa. Nunua kwanza, kisha mpelekee padri au shemasi aibariki. Ikikatika, itengeneze na uendelee nayo, kwani kukatika hakufuti baraka. Ikiharibika kabisa, isitupwe jalalani: punje za mbao na karatasi zichomwe, plastiki na madini vizikwe ardhini.