Usiku mmoja na mashine ya presha mkononi: uzoefu wangu

Kila nikiingia kwa daktari presha yangu hupanda. Mwezi uliopita ilisoma 158 kwa 96. Daktari akakataa kuniandikia dawa kwa vipimo vya kliniki peke yake, akataka nivae mashine ya saa 24. Nililipa shilingi 5,000 pale Upper Hill, nesi akanifunga mkanda mkono wa kushoto kwa kuwa natumia wa kulia, kisanduku akakining'iniza kiunoni, nikaenda zangu.

Mchana si tatizo. Inajaa kila baada ya dakika 20, nawe unalegeza mkono na kunyamaza mpaka iishe. Kwenye matatu ya kwenda Umoja ilianza kuvuma kondakta akidai nauli. Nikamwonyesha kwa macho asubiri, akasubiri.

Kazi ni usiku. Kuanzia saa nne hupima kila nusu saa, yaani mara 16 hadi alfajiri. Unasikia pampu ikinguruma chini ya blanketi, mkanda unabana hadi vidole vinaanza kufa ganzi, halafu unaachia kidogo kidogo: tss, tss, tss. Saa nane na nusu nilikuwa nimegeukia ubavu wa kushoto, mkono nimeulalia. Ikashindwa kusoma. Ikatulia, ikarudia, na safari hii ikabana zaidi. Baba Neema akakurupuka, akawasha taa akidhani simu inaita. Tangu hapo nililala chali, mkono juu ya mto, ikawa afadhali.

Dada yangu, ambaye aliwahi kupimwa hivyo, alikuwa amenipigia jioni: "Weka daftari kando ya kitanda. Ikikuamsha, andika saa." Kliniki haikuniambia hili, na ndilo lalamiko langu kubwa. Walinipa karatasi ya kujaza saa ya kulala na ya kuamka, basi. Wala hawakunieleza kwamba ule mlio wa kukutahadharisha kabla ya kila kipimo ungeweza kuzimwa usiku. Nimeusikia usiku kucha bure.

Majibu yakaja. Wastani wa mchana 128 kwa 79, na kwa kipimo hiki presha ya mchana huhesabiwa kuwa juu ikifika 135 kwa 85. Wa usiku 121 kwa 74, na usiku mpaka ni 120 kwa 70. Nikaingiwa na hofu. Mtu akilala presha hutarajiwa kushuka asilimia 10 hadi 20. Yangu ilishuka kama 5 tu, na wasioshuka wana hatari zaidi ya maradhi ya moyo na kiharusi.

Ndipo nikatoa daftari. Daktari akalipitia mstari kwa mstari akilinganisha na saa za mashine: vipimo saba vilinikuta macho, na wastani wake ni 130 kwa 84. Tisa vya usingizini, 114 kwa 66. Mashine haijui kama umelala au umekodoa macho gizani. Yenyewe inasoma tu.

Sikuandikiwa dawa. Nimeambiwa nipunguze chumvi, na nipime tena mwakani kwa mashine hiyo hiyo. Nitakubali, maana bila ule usiku mbaya ningekuwa nameza vidonge sasa hivi. Ila safari hiyo mlio utazimwa mbele ya macho yangu kabla sijatoka mlangoni.