Taa ya kijani, mistari yote, intaneti hakuna

Ripita hii ina antena ngapi, sitaki kueleza. Boksi lake linajieleza, tena linajisifu mno. Mimi nasimulia ilivyoniumbua mbele ya watu.

Ruta yetu ipo sebuleni, pale waya wa faiba ulipoingilia. Kompyuta yangu ya kazi ipo chumba cha mwisho, kuta tatu katikati. Binti yangu yuko chumba cha kati na laptopu yake, anapata pata hivyo hivyo. Mimi nilikuwa sipati kitu. Nikashauriwa ninunue ripita: unaichomeka kwenye soketi, inadaka waifai ya ruta na kuirusha mbele. Nikaichomeka chini ya meza yangu, miguuni kabisa. Taa ikawaka kijani, kompyuta ikasoma mistari yote ya waifai. Nikajiona fundi.

Siku mbili tatu baadaye, kikao cha video. Hata salamu hazijaisha nikaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Wenzangu wakapiga picha ya skrini. Hadi leo inazunguka.

Nikawapigia walioniuzia. Kijana akapokea.

"Inasoma mistari mingapi hapo?"

"Yote."

"Basi mtandao upo, mzee wangu. Hiyo kompyuta yako ndiyo imechoka."

Nikasikia na mwenzake anacheka pembeni. Mzee wangu! Nikachukua laptopu ya binti, nikaiweka juu ya meza ileile: mistari yote, ukurasa unazunguka tu. Simu yangu nayo, vilevile. Kwa hiyo vyombo vitatu vimechoka siku moja? Nikapiga tena, akaniambia nizime niwashe. Nilizima. Nikawasha. Nilikuwa nimeshafanya hivyo mara saba.

Jibu nililipata mwenyewe, kwa hasira. Niliichomoa nikaichomeka koridoni, nusu ya njia, karibu na viatu, nia yangu ikiwa ni kuiondoa machoni. Nikarudi mezani: mistari imepungua, imebaki miwili, na intaneti inakwenda! Kumbe ile mistari inapima kompyuta inavyoisikia ripita. Ripita yenyewe inaisikiaje ruta, haisemi. Pale miguuni ilikuwa inanipigia kelele sikioni huku yenyewe ikitegea sikio ukutani, inaokota neno moja moja. Ripita huwekwa pale ambapo ruta bado inasikika vizuri, siyo pale ilipokwisha kufa. Kijikaratasi cha maelekezo kimeandika tu "chomeka mahali panapofaa". Panapofaa wapi?

Kwa haki, basi, chombo si kibovu. Nilikuwa nimeandaa nyota moja, nikapandisha hadi tatu. Ila nikapima kasi: koridoni kwenye ripita ni kama nusu ya ninayopata sebuleni kwenye ruta. Hii ya kwangu ina redio moja, yaani kile kifaa cha ndani cha kupokea na kurusha mawimbi, na redio moja haiwezi kusikiliza na kusema kwa mpigo. Kila kipande cha data inakipokea kwanza ndipo inakirusha. Kwa kusoma barua pepe hutajua. Binti akianza kupakua faili zake, utajua. Nyota mbili.

Mwisho nikanunua waya wa mtandao, Cat5e wa kawaida, ambao unafika hadi mita 100 bila shida, na nyumba yangu haina hata robo ya hizo. Nikaupitisha pembezoni mwa ukuta, ncha moja kwenye ruta, nyingine nyuma ya kompyuta. Hapo sina neno. Vikao vinaisha na mimi nikiwa nimefumba mdomo. Ripita nikamwachia binti, palepale koridoni, naye anasema inamtosha, kwa hiyo labda nyota tatu ndiyo haki.

Lakini nikikumbuka kile kicheko cha pembeni, hapana. Moja. Swali lilikuwa moja tu, "umeichomeka wapi?", na hakuna aliyeniuliza.

Nimesitisha kuandika kidogo, binti anaita kwamba mtandao umekata. Nimekwenda kuangalia: mtu amechomoa ripita achomeke pasi.